Baba Mdogo na Ukumbi wa Papo kwa Papo

Baba mdogo alikuwa fundi makochi mwenye maneno mengi kuliko misumari. Wateja wengine walileta makochi mazima kabisa, mradi tu wakae wamsikilize. Siku moja akasukuma meza ya kukatia vitambaa ukutani, akayapanga makochi ya watu mistari, akatangaza vichekesho vya papo kwa papo: mtazamaji anataja neno lolote, naye na wenzake wanaligeuza mchezo palepale, bila kujiandaa.

Wenzake walikuwa mkewe, yaani mama mdogo, na kinyozi wa jirani aliyeitwa Kimya kwa sababu hanyamazi. Mtu akisema "Pasi!", mama mdogo anakuwa pasi, Kimya anakuwa shati, na baba mdogo ni mume aliyechelewa kazini. Watu walishika mbavu. Baada ya muda wakahamia ukumbi wa kweli wenye pazia, na baba mdogo akaanza kutembea kama waziri.

Kisha jioni moja mtu akasema "Kijiko!" Baba mdogo akaduwaa. Ukumbi mzima kimya, hata Kimya mwenyewe.

"Kijiko hakichekeshi," alilalamika nyumbani.

"Baba wee, umekwama mara moja tu," mama mdogo akamwambia. "Kula."

Hakula. Woga ulishamwingia. Akatunga michezo mapema, akawakaririsha wenzake, kisha akamweka shemeji yake viti vya nyuma kama mtazamaji: baba mdogo akikohoa, yeye apaze sauti, "Tembo!"

Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mdogo aliposhikwa na mafua.

"Karibuni sana, ndugu za... kho!"

"Tembo!"

"Hapana, bado... kho! kho!"

"Tembo! Tembo!"

Watu walicheka kuliko siku zote. Mama mdogo aliketi sakafuni, hoi kwa kicheko. Ila walipotulia, mama mmoja wa mbele akauliza, "Kumbe huwa mnapanga?" Kuanzia hapo viti vikawa vitupu, na mwenye ukumbi akaukodisha kwa watu wa ushonaji.

Baba mdogo akarudi kwenye makochi, hataki hata kusikia neno jukwaa. Mama mdogo hakumbembeleza. Alikwenda kufundisha maigizo shuleni. Siku moja akamwita akawashonee wanafunzi pazia tu. Baba mdogo akiwa anashona, msichana mmoja akasahau maneno katikati ya mchezo, machozi yakamlengalenga. Baba mdogo akaweka sindano chini, akapanda jukwaani, akasimama kando yake.

"Hata mimi nimekwama, mwanangu. Tukwame wote."

Wakatazamana, wametumbua macho, hadi darasa zima likaangua kicheko, na msichana naye.