Nilimtafsiria dada yangu uongo kwenye utafiti wake wa masters

Admin, usiweke jina langu wala la kijiji, huku tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani upande wa Mngeta nasubiri kupangiwa kidato cha tano. Ni mtu wa aibu sana, hata haya nimeyafuta na kuyaandika tena.

Nina dada mmoja, ana miaka 28. Tangu yuko darasa la tatu alichukuliwa na shangazi Morogoro mjini, huku alikuwa anakuja likizo tu. Sasa anasoma masters ya ubunifu, mikakati na uendeshaji wa taasisi, ile ambayo sehemu kubwa ni utafiti. Majirani wakimuuliza mama ndiyo nini, anawajibu, "Anasomea jinsi watu wanavyobuni kitu kipya na kujipanga kukifanya pamoja." Amekariri. Mimi nilipopata B ya Biology aliniambia, "Haya, kaanue mpunga."

Dada akachagua kutafiti kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu. Zamani kila familia ilikuwa inaamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kwenye shamba lake, na sisi watoto tunakosa shule mpaka mpunga uvunwe. Nikiwa darasa la tano mwalimu alisema nitarudia darasa. Mama ndiye aliyewazungukia wenzake nyumba kwa nyumba, akawaomba wapande wote wiki ileile, mashamba yanayopakana yaamiwe kwa zamu kama shamba moja. Alifanya vile kwa ajili yangu. Dada hayajui hayo, hakuwepo, na mama si mtu wa kujisifu.

Dada alipofika alisema hatamhoji mama. "Nikimhoji mzazi wangu wataniambia nimependelea." Akachagua bibi watatu walioanza na kikundi. Kiswahili wanakijua, ila wakikolea wanahamia Kipogoro, na dada Kipogoro chake kinaishia kwenye salamu. Kurekodiwa walikataa. Kwa hiyo nikawa mkalimani.

Jioni ya kuamkia siku ya mahojiano mama alimpakulia dada mnofu wa kambale, mimi nikapata mkia. Jirani akanitania, "Na wewe utamfikia dada yako?" Mama akacheka, "Huyu? Huyu hata shikamoo anaitolea puani." Dada naye akacheka. Nikaondoa vyombo.

Kesho yake, kwa bibi wa kwanza, dada akasema, "Muulize bibi, hili wazo lilitoka kwa nani?" Bibi akanitazama, akajibu kwa Kipogoro kwamba ni mama, na kwamba alifanya kwa ajili yangu. Dada kalamu mkononi, "Anasemaje?" Nikawaza, ana Morogoro, ana chuo, ana mama anayemsifia kila mlango, na hiki kimoja alichonifanyia mama nacho akichukue?

Nikamwinamia dada sikioni, bibi asinisikie, nikasema, "Anasema waliletewa na wataalamu wa kilimo."

Kwa bibi wa pili nikafanya vilevile. Kwa wa tatu hata sauti haikutetemeka. Tukirudi dada akanishika bega, "Mdogo wangu, umeniokoa. Nakuweka kwenye ukurasa wa shukrani." Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Juzi amepiga simu. Msimamizi wake amefurahi mno, sura nzima imesimama juu ya hilo, kwamba mawazo mapya yanatoka nje na wakulima wanayapokea. Jumamosi anakuja kuwasomea kikundi matokeo kabla hajakabidhi. Mama ameshaenda kuazima viti kanisani, pale kigangoni. Atakaa mbele, na wale bibi watatu watakaa naye.

Nikimwambia dada sasa, itabidi aandike upya sura nzima na muda wake umeisha, na ataniuliza kwa nini. Nitajibu nini, mnofu wa kambale? Nikinyamaza, wale bibi watasimama na kumsahihisha mbele ya watu wote. Na kwa vile hamnijui niseme ukweli wote: kuna siku natamani ninyamaze tu, nimwone akiaibika mbele ya mama. Halafu nakumbuka kwamba anayesomewa kuwa hakuwaza chochote, kwamba aliletewa tu, ni mama yangu.

Leo ni Jumatano. Nimpigie dada, au nianze na mama? Na hiyo sababu naisemaje kwa mdomo wangu? Nitukaneni mkimaliza kunishauri.