Bastola Iko Njiani

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi viatu wa Kalundu, nangoja soli yangu, akaingia Mzungu mwenye bohari la pamba. Alitaka mkaba, yaani mkanda wa kiunoni, wa kubebea bastola, maana wezi wamemzidi.

"Bastola yenyewe iko wapi, Bwana?" fundi akauliza. "Miye siuzishe mukaba bila kupima."

"Iko njiani. Inakuja na meli."

Fundi akakuna kidevu, kisha akamgeukia mama aliyeketi na kikapu cha samaki. "Mama, utuazime mukeke moja."

Mukeke, samaki mwembamba mrefu, akaenea barabara katika kifuko cha mkaba. Mzungu akatembea hadi mlangoni kifua mbele, akageuka ghafla, akamchomoa samaki na kutuelekezea.

"Mikono juu!"

Tukainua wote, hata mimi niliyekula mukeke asubuhi. Mama peke yake hakuinua.

"Bwana, usimuminye sana. Huyo iko wa kuuza."

Mzungu alinunua mkaba uleule. Bastola imeshafika, ila harufu imekataa kutoka. Sasa wezi wa Kalundu wamestarehe kabisa: wakisikia paka wengi wanalia kwa pamoja, wanajua Bwana anakuja na silaha.