Chungu Chini ya Kitanda

Mimi si mtu wa safari. Wapo watu wanaozaliwa na miguu inayowasha. Yangu ilizaliwa imechoka. Nilipopelekwa shule ya sekondari nililia kutoka Kyela mpaka Tukuyu, na wakati huo tayari nilikuwa na ndevu tatu kidevuni. Nilipomaliza nikapata ukarani Dodoma, katika ofisi moja ya serikali ya Mwingereza, nikakaa huko miaka minne ninanakili barua za watu wengine na kula vumbi. Kila mvua ilipokataa kunyesha nilikumbuka kwetu, ambako mvua haijui kukataa.

Nisingepata ujasiri wa kuomba likizo kama si barua ya mama. Mama hakujua kuandika. Aliandikiwa na mwalimu wa kanisa, mtu ambaye hakuweza kufika kwenye habari bila kupitia kwanza baraka zote. Nilisoma baraka ukurasa mzima. Chini kabisa, palipobakia nafasi ya kidole, aliandika hivi: "Kile kiwanja chako kwa wenzako, kuna mtu anakitaka. Njoo uonekane."

Nikasimama na ile barua mkononi mpaka chai ikapoa.

Ni lazima nieleze, maana vijana wa sasa hawayajui haya. Kwetu Ndandalo, wavulana waliochunga ng'ombe pamoja walikuja kujenga pamoja. Hukujenga mlangoni kwa baba yako. Ulijenga katikati ya wenzako, nyumba hii na ile, na hao ndio waliokuwa ndugu zako mpaka mnazikana. Sisi tulikuwa saba. Tangu utotoni tulikula kwa zamu kwa mama zetu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mama wa mmoja alikuwa mama wa wote, hasa akiwa amepika. Kuishi hivyo na wenzako, kula nao na kucheka nao, kwa Kinyakyusa tunakuita ukwangala. Mtu angeweza kusamehewa uvivu, hata uongo kidogo. Kula peke yake, hapana. Mlaji wa peke yake alitazamwa kama mtu anayeficha jambo kubwa zaidi ya chakula.

Basi kiwanja changu kilikuwa katikati ya viwanja vya wenzangu sita, na kwao ndiko ilikokuwa amri: nibaki wa kwao au nafasi yangu apewe mwingine. Nilikuwa na wiki mbili za likizo ya Krismasi. Jambo la kufanya lilikuwa moja tu, kuonekana kuwa bado mimi ni mwenzao. Tazama nilivyolifanya.

Lori liliponishusha Kyela nilitembea kwa miguu, sanduku la bati kichwani, viatu nimevifunga shingoni kwa sababu njia ilikuwa nusu njia, nusu mto. Hewa ilinuka matope na ndizi mbivu. Kwenye kijito cha kwanza niliteleza, nikakaa ndani ya maji na suruali yangu ya kikarani. Kina mama waliokuwa shambani wakaacha majembe.

"Mzungu ameanguka!" mmoja akapiga kelele.

"Mzungu gani huyo? Si yule mtoto mlia-lia aliyepelekwa shule?"

Nikafurahi. Miaka minne, na bado nilikuwa najulikana kwa sifa zangu.

Mama alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Alinizungusha kama mtu anayekagua jogoo sokoni, akasema, "Dodoma hawapiki?" Kisha akaniingiza ndani. Jikoni, hatua chache kutoka kitandani, palikuwa na chungu kikubwa, kile cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kilicholetwa kwa mtumbwi tangu mimi mdogo, cheusi kwa moshi na bado kizima. Ndani yake mlikuwa na wali, na juu ya wali samaki mbasa mzima, mnene, aliyepikwa na ndizi.

"Wenzako wako mashambani, wanalima," mama akasema. "Nimewatumia habari. Wakija mle wote. Hata hizo ndizi ni wao walioleta. Mimi nakwenda kuteka maji."

Akaondoka. Tukabaki mimi na chungu.

Sasa huko Dodoma nilikuwa nimejifunza tabia moja ya kikarani: kula chumbani, peke yangu, kwenye sahani yangu ya bati yenye ua la bluu, kwa kijiko, huku nikisoma gazeti la wiki iliyopita. Sahani hiyo nilikuwa nayo sandukuni. Ndiyo, nilikwenda na sahani kwa mama yangu. Nikaitoa, nikajiambia nitaonja kidogo tu, upande mmoja, mahali pasipoonekana. Nikaonja. Ule upande mmoja ulipokwisha, upande wa pili ukaonekana umekaa vibaya, nikausawazisha. Ndizi zile! Laini, zimenywa mchuzi wote wa samaki. Nilikuwa na safari ya siku kadhaa tumboni na miaka minne nyuma yake. Nilipotanabahi, kijiko kilikuwa kinakwangua udongo.

Hapohapo nikasikia vicheko njiani.

Mtu mwenye akili angetoka nje, akakiri, akacheka nao. Mimi nina cheti cha shule, kwa hiyo nilisukuma chungu chini ya kitanda, sahani nayo, nikapangusa mdomo kwa mkono wa shati, nikasimama katikati ya nyumba kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Waliingia wote sita. Mbele alikuwa mkubwa wetu, yule aliyekwenda vitani Burma na kurudi na koti refu na amri. Nyuma yake mfupi wetu, ambaye ulimi wake ndio uliokua badala ya miguu.

"Atensheni!" mkubwa akaunguruma, na mimi, Mungu nisamehe, nikabana miguu. Wakaangua kicheko, wakanikumbatia na matope yao. "Ugonile!" "Ndaga!" Salamu za kwetu zikajibizana, mikono ikashikwa, ikatikiswa, ikashikwa tena.

Mfupi akainua pua. "Hapa pananuka mbasa."

"Ni mama," nikasema. "Alipika... jana."

Mama akaingia na mtungi kichwani, uso umejaa furaha. "Wanangu, mbona mmesimama? Kaeni mle. Chungu kiko wapi?"

Mimi nilitazama paa. Na paka wa mama, ambaye hadi siku ile sikuwa nimemkosea lolote, akatoka chini ya kitanda akirudi kinyumenyume, anaburuta kichwa cha samaki. Akakiweka katikati yetu, kwenye miguu ya mkubwa, akaanza kula bila haraka.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Mama aliutua mtungi taratibu, akajifunika mdomo kwa kiganja. Aibu ilikuwa yake kuliko yangu: wana wamefika kwake na njaa, hana cha kuwapa.

"Ngoja nimkamate kuku," akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama," mkubwa akajibu. "Wewe hujakosa. Tumeshiba kukuona." Kisha akanigeukia na kunipa mkono, kwa adabu. "Karibu nyumbani, Bwana Karani. Pumzika salama."

Bwana Karani! Hata mfupi aliniaga kwa upole, kama anavyoagwa mgeni aliyepita tu. Laiti wangenitukana.

Walipokwisha kwenda nikamwuliza mama, "Kiwanja ndiyo kimekwenda?"

"Sijui. Wenye kukigawa ndio hao waliotoka na njaa."

"Nitawaandalia maneno ya kuomba radhi. Nitawaambia kwamba..."

"Maneno umesoma mengi," mama akanikatiza. "Kesho nenda na jembe."

Alfajiri nikaenda na jembe. Niliwakuta kwenye mashamba ya mpunga, maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, wamepangana mstari. Wakanisalimia kwa adabu ileile ya kuua mtu. Mkubwa akanionyesha nafasi katikati ya mstari. Nikalima.

Nisijisifu: nililima kama mtu anayefukuza nyoka. Udongo wa Kyela ukilowa unashika jembe kama mkwe anayedai mahari. Viganja vyangu, vilivyozoea kalamu, vilitoa malengelenge kabla jua halijapanda, na kabla ya saa nne yalikuwa yamepasuka. Nilianguka mara mbili. Wao walilima na kuongea habari zao, za ng'ombe, za nani ameoa, wakipitisha maneno juu ya kichwa changu. Nilifikiri: hivi ndivyo itakavyokuwa. Nitakuwa naalikwa misibani.

Nilipoanguka mara ya tatu, kifudifudi, mfupi akasimama akaegemea jembe lake. Alijizuia kadiri alivyoweza. Niliona shavu linavyotetemeka.

"Jamani," akasema, "huyu hata matope anataka kuyala peke yake."

Mstari mzima ukavunjika. Mkubwa alicheka mpaka akakaa majini na koti lake la Burma. Na mimi, mdomo umejaa udongo, nilihisi machozi yananitoka, maana tusi hilo lilikuwa tamu kuliko mbasa. Mgeni hatukanwi hivyo.

Adhuhuri mke wa mkubwa akaleta ungo wa ndizi na maharage. Wakanawa, wakazunguka. Mimi nikabaki nimesimama pembeni na viganja vyangu vinavyowaka.

"Unasubiri cheti?" mkubwa akauliza. "Kaa."

Nikakaa. Nilikula kwa mkono uliochubuka, chumvi ikiniuma kila tonge, na sikuacha.

Walipomaliza wakanihukumu. Faini ilikuwa sahani. Mfupi alitumwa kwa mama kuichukua, akarudi nayo juu ya kichwa kama kofia, na tangu siku ile sahani yangu yenye ua la bluu ikawa ya kuchotea mbegu za mpunga kwa rika zima. Ilizeeka katika kazi hiyo, kazi ya maana kuliko zote ilizowahi kufanya mikononi mwangu.

Kazi ilipokwisha, tulipitia lile bwawa la mto tulilokuwa tukiogesha ndama. Nililikumbuka kubwa kama ziwa. Nikalikuta limekuwa kama beseni. Mbele yake ndipo vilipoanza viwanja vyetu. Nyumba za wenzangu za mianzi zilikuwa zimesimama, safi, na katikati yake palikuwa na shamba la migomba, limepaliliwa, migomba iliyoinama imeegeshewa miti. Kumbe yule anayekitaka amekwisha kupanda.

"Ndizi za nani hizi?" nikauliza, ingawa sikutaka kujibiwa.

"Za mwenye sahani," mfupi akasema.

Sikuelewa. Mkubwa akapiga shina la mgomba kwa kiganja, kama mtu anavyopiga shingo ya ng'ombe wake. "Tulipanda mwaka ule ulioondoka. Kiwanja kitupu kinaita watu. Mkungu ukikomaa tunampelekea mama yako. Huyo jamaa alikuja kukiomba kweli, tukamwambia mwenyewe yuko Dodoma, anakula vumbi, akishiba atarudi."

"Na zile ndizi za jana?"

"Zilitoka shina lile pale. Zilikuwa tamu?" akauliza. "Sisi hatujui. Hatukuonja."

Nilijaribu kusema ndaga fijo, asante sana, neno dogo ambalo mtoto wa kwetu hulijua kabla ya kutembea. Yakatoka machozi.

"Usitulilie hapa," mfupi akasema, "ndizi zitakuwa na chumvi."

Wakakata mkungu, wakanitwika mimi, na hakuna aliyenipokea njiani. Nilikwenda mbele, wao sita nyuma wakinisifu mwendo kama wanaopeleka mahari. Kufika mlangoni niliita kabla sijautua mzigo:

"Mama! Tumekuja wote."

Alikuwa amekwisha kuinjika chungu. Alihesabu vichwa kwa macho, akaanza kumenya. Tulikula kutoka chungu kilekile, nami nilitia mkono wa mwisho na kuutoa wa kwanza. Paka alikuja akakaa mbele yangu, akanitazama muda mrefu, kisha akaingia chini ya kitanda kutafuta. Akatoka mikono mitupu.