Waya Mweusi Huwekwa Wapi

Mimi naitwa Yakoub, fundi wa redio na televisheni hapa Mabawa, Tanga, na nasema leo kitu ambacho sisi mafundi hatukisemi: miaka thelathini na moja nimeshika mita na sikuwa najua inapima nini. Msicheke. Nilijua mshale ukipanda ni vizuri na ukilala ni vibaya, basi. Mtu akiniuliza volti ni nini, namkaripia: "Wewe umeleta redio au umekuja kunitahini?" Naye hunyamaza, maana ukali ukishika bisibisi hufanana sana na elimu.

Nimezaliwa Wete, Pemba. Nilivuka kuja Tanga kijana, nikaingia kwa fundi mmoja wa Chumbageni, Mungu amrehemu, ambaye naye alijifunza kwa kutazama tu. Alinifundisha kunusa kilichoungua, kugonga sanduku penye hitilafu, na sheria moja kubwa: waya mweusi wa mita ubane kwenye chuma cha redio, uusahau hapo hapo, uzunguke na mwekundu. "Mweusi hausogei," alikuwa akisema. Na kwa redio za wakati ule alisema kweli, kwa sababu redio nzima ilikuwa na hasi moja, na hasi hiyo ni lile bati lake. Nilikula kwa sheria hiyo, nikaoa kwa sheria hiyo, nikajenga vyumba viwili.

Kisha zikaja televisheni hizi nyembamba. Lo! Unafungua mgongo unakuta bodi moja la kijani na vidude vidogo kuliko chawa. Nilibana mweusi, nikazunguka na mwekundu, mita ikaniambia hakuna umeme. Nikamwambia mwenyewe, "Hii imekufa, baba, tafuta nyingine." Akaja wa pili, imekufa. Wa tatu, imekufa. Watu walianza kusema Fundi Yakoub si fundi tena, ni mtangaza misiba. Walisema kwa utani, lakini mimi uliniingia, na wateja wakawa wanapita mbele ya mlango wangu na TV mgongoni wakielekea kwa vijana wa barabara ya pili.

Ndiyo nikaamua, mwaka jana, nijifunze. Ningemuuliza nani? Wale vijana? Aka! Bora nife. Nikachukua simu, nikanunua bando, nikaandika: kujifunza redio. Zikaja video za watu wanaotaka kuwa watangazaji. Nikaandika elektroniki, zikaja za wauza simu. Nikaandika mafunzo ya umeme, nikaoneshwa namna ya kupitisha waya darini. Siku tatu nzima, mtu mzima na mvi zangu, natafuta somo kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Nikawapata Wahindi, mikono yao wallahi inajua kazi, lakini maneno yao sikuambulia hata moja.

Mwishowe nikampata mwalimu mmoja wa Kiswahili. Uso haonyeshi, ni mikono na ubao mweupe. Masomo arobaini, bure. Somo la kwanza: umeme ni nini. Akasema kwa upole, "Usione haya kuanza mwanzo." Nikasimamisha video, nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Nikawa kila siku nikitoka kuswali Adhuhuri narudi, naegesha mlango, navaa visikizio. Nikajifunza tofauti ya analogi na dijitali, mimi niliyekuwa nikiitikia kwa kichwa miaka yote wateja wakitaja dijitali. Kumbe analogi ni kama kitasa cha sauti kwenye redio, unapandisha kidogo kidogo upendavyo, na dijitali ni swichi ya taa, imewaka au imezimwa, hakuna katikati. Jambo lenyewe ni hilo tu! Nilikaa nikajiona mpumbavu, halafu nikafurahi, halafu nikajiona mpumbavu tena.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Imakulata, fundi cherehani, mtoto wa watu wa mashamba ya mkonge. Siku moja akachungulia. "Fundi, siku hizi unasikiliza nini mpaka hujibu salamu?"

"Mawaidha," nikasema.

"Hongera, fundi. Mungu akuzidishie."

Astaghfirullah. Nimemsingizia Mungu ili nisijulikane nasoma somo la watoto. Na kesho yake akaniambia tena kwamba amemsimulia mumewe jinsi nilivyobadilika.

Nilifika somo la tisa siku ya Jumatano. Somo lilikuwa la pawa, yaani ule upande wa televisheni unaopokea umeme wa ukutani. Mwalimu akachukua bodi lile lile la kijani, akasema: "Mafundi wengi wa zamani wanakosea hapa. Televisheni za siku hizi zina pande mbili zisizokutana, na kila upande una hasi yake. Ukibana waya mweusi kwenye bati, ukaja kupima upande wa umeme wa ukutani, mita itakudanganya. Itakuonyesha sifuri, nawe utadhani hakuna kitu. Mweusi lazima uhame. Uweke kwenye mguu hasi wa hii kapasita kubwa, kikopo hiki kinachohifadhi umeme hata ukichomoa waya." Akauhamisha. Mita ikaruka: volti mia tatu na kumi.

Nikarudisha video nyuma, nikatazama tena. Si kwa ajili ya zile televisheni nilizozitangazia misiba, ingawa nazo zilikuwa zinatosha. Ni kwa sababu mkono huo unaohamisha waya mweusi, niliwahi kuuona ukifanya vile vile, mezani kwangu, miaka sita nyuma. Ulikuwa mkono wa Mwatumu.

Mwatumu ni binti wa Kidigo kutoka Pongwe. Mama yake alimleta kwangu akiwa na miaka ishirini, akaniletea na ubani na halua kwenye sinia, kama desturi ya kumkabidhi mtu kwa mwalimu. Sijapata kuona mtu wa kujifunza upesi kama yule. Mwaka wa pili alikuwa akitengeneza redio mimi nimelala. Na alikuwa haogopi kuuliza, nami nilikuwa namkaripia kila swali, kwa kuwa majibu sikuwa nayo.

Siku yenyewe ililetwa televisheni ya Mzee Mwinyijuma, anayekaa na sisi kwenye baraza ya kahawa mbele ya karakana. Mwenyewe alisimama pale, na wanywa kahawa wote wamegeuza shingo. Nikabana mweusi kwenye bati, nikapima, sifuri. "Hakuna umeme humu," nikatangaza. Mwatumu akasema, "Fundi, upo." Nikacheka. Akauhamisha waya mweusi kwenye kapasita, akaninong'oneza kwa adabu kabisa, "Tazama, mia tatu na..." Mimi nikaona anaiharibu sheria ya marehemu mwalimu wangu mbele ya watu. Nikamnyang'anya mita, nikarudisha mweusi kwenye bati, nikawaonyesha watu: sifuri. "Haya, huo umeme wako umeuota?" Watu wakacheka. Nikachomoa waya wa ukutani, nikaingiza bisibisi ndani nitoe kifaa. Paa! Cheche ikatoka, moshi ukafuka, bodi likaungua katikati.

Ile kapasita ilikuwa imejaa umeme, na kujaa kwake ndiko alikokuwa akinionyesha. Lakini mimi nilifanya nini? Nikamgeukia. "Umeona? Umehamisha waya, umeniunguzia TV ya mzee!" Nikasema hana mkono wa kazi hii. Nikasema ataua mtu siku moja. Nikamwambia achukue mkoba wake aende kwao, mbele ya baraza nzima. Na kilichonitia aibu zaidi nilipokikumbuka ni kuwa nililisadiki neno langu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu jinsi nilivyodhulumiwa.

Maneno hayo yakamtangulia kila alikokwenda. Alipoomba kazi kwa fundi wa Ngamiani, akaambiwa, wewe si yule uliyemuunguzia Mzee Mwinyijuma? Alipofungua meza yake Pongwe, watu wakaogopa kumpa vitu vyao. Miaka sita. Mimi nilikuwa nasikia habari hizi na kusema, "Si niliwaambia?"

Basi siku ile ya somo la tisa sikula. Alhamisi nikafunga karakana, nikapanda bodaboda hadi Pongwe. Nilimkuta kando ya barabara anauza chai na bagia, mtoto mgongoni. Aliponiona akaweka chini kijiko, akaja mbele, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu! Ningependa anipige. "Marahaba," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikatoa simu, nikamfungulia ile video, nikamwachia aitazame. Alitazama mpaka pale waya mweusi unapohama, akanirudishia.

"Ulikuwa na haki," nikasema. "Mimi ndiye niliyeunguza. Sikujua, Mwatumu. Wallahi sikujua. Laiti ungenifahamisha..."

"Nilisema," akajibu.

Nikairudisha simu mfukoni.

"Nilisema mara tatu, mwalimu. Mara ya kwanza ukacheka. Mara ya pili ukaninyang'anya mita. Mara ya tatu nilisema usiingize bisibisi, ukaniambia nifunge mdomo."

Hiyo ya tatu nilikuwa nimeisahau kabisa. Aliposema ndipo nikaisikia, sauti yake ile ile, "Fundi, usiingize." Machozi yakanitoka pale barabarani, malori ya mawe yanapita, wateja wa bagia wananitazama. Nikamwomba radhi. Nikamwambia arudi, meza yake ipo, afanye kazi na mimi, si kwa kujifunza, kwa kunifundisha.

Akamgeuza mtoto mgongoni. "Nimekusikia, mwalimu. Lakini nikirudi Mabawa leo, nitakuwa narudi kama nani? Wewe uliyasema barazani. Kayaseme barazani. Kisha tuzungumze."

Nilitaka kumwambia nitafanya kwa njia nyingine, nitamwandikia barua, nitamtuma Imakulata. Maana jina langu ndilo duka langu, na kusema vile mbele ya watu ni kulibomoa kwa mkono wangu. Lakini ningeanzaje kumkatalia? Nikamwambia, "Inshallah."

Usiku wa Ijumaa sikupata usingizi. Jumamosi asubuhi, baraza imejaa, kahawa inamiminwa, Mzee Mwinyijuma yupo na kikombe chake. Nikasimama. Watu wakadhani nataka kutangaza arusi. Nikasema, "Jamaa, nina neno. Televisheni ya mzee, ile ya mwaka ule, niliiunguza mimi. Sikujua kupima. Hata volti ni nini nimejua juzi juzi tu, kwenye simu. Mnaponiona na visikizio sisikilizi mawaidha, nasoma darasa la kwanza la ufundi." Imakulata akaacha cherehani. "Nyie niliwaambia uongo, na mzee nilimwambia uongo. Nisameheni."

Mzee Mwinyijuma akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Yakhe, ndiyo ukatutisha hivyo? Kitelevisheni tu! Nilishanunua nyingine zamani."

"Mwanamume kukiri si jambo dogo," mwingine akasema. "Hongera, Fundi."

"Kaa unywe kahawa, Fundi. Yamekwisha."

Wakanishika mikono, wakanipigapiga mgongoni. Mmoja akasema sasa ndiyo ataniletea TV yake, maana fundi asomaye simuni amekuwa wa kisasa. Baada ya hapo wakarudi kwenye mazungumzo ya mpira. Nami nikaketi, nikapewa kikombe, kifua chepesi kama mtu aliyetua gunia. Nilikuwa nimetetemeka siku tatu kwa jambo lililokwisha kabla kahawa haijapoa.

Adhuhuri ile ile nikarudi Pongwe. Njia nzima nilikuwa na furaha, nawaambia kweli, niliimba juu ya bodaboda. Nikamkuta Mwatumu anafunga biashara, anamimina majivu ya jiko. Shikamoo, marahaba.

"Nimesema," nikamwambia. "Barazani, mbele ya wote, na Mzee Mwinyijuma mwenyewe yupo."

Akafuta mikono kwa kanga. Nikaona uso wake unafunguka, uso ule wa miaka ishirini. "Wamesemaje?"

"Wamenisamehe! Papo hapo. Wamenipa mikono, wamesema yamekwisha."

"Na mimi," akauliza, "mimi wamesemaje?"

Nikataka kujibu, nikarudi barazani kwa akili, nikapita mtu mmoja mmoja, neno moja moja, tangu niliposimama hadi niliporudisha kikombe. Nililisema kosa langu lote, na jina lake sikulitaja. Wala hakuna aliyeuliza.

"Mwatumu," nikasema, "hatukukutaja."

Akaitikia kwa kichwa, akainama akaendelea kumwaga majivu.