Ng'ombe Saba Wasio Wetu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nimeketi na mama yangu kwenye benchi la ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, pale Kitale. Mvi zilikuwa zimeanza kuniota, kwa hiyo sitasingizia utoto. Baba alikuwa amefariki, na baba mdogo amemshtaki mama mahakamani Bungoma ili ahame kwenye ekari zetu mbili karibu na Kimilili. Wakili hatukuwa naye. Tulisikia kwamba serikali humlipia wakili mtu asiyejiweza, basi tukaenda.

Afisa alikuwa binti mpole. Akamgeukia mama. "Mama, hii msaada ni ya mtu hawezi kulipa wakili. Uko na mali gani?"

Mama alifungua mdomo, nikamkatiza. Nyuma yetu waliketi wanaume wawili wa kwetu, nami ningesemaje mbele yao kwamba boma letu halina hata ndama? Nikasema, "Tuko na ng'ombe saba."

Ng'ombe walikuwepo, ndiyo. Walikuwa wa mzee Wekesa, rafiki wa marehemu baba. Unajua desturi yetu: mwenye mifugo mingi huigawa kwa watu anaowaamini wamtunzie. Wewe unakunywa maziwa na kusifiwa na wapita njia, lakini ng'ombe ni wake. Afisa aliandika saba. Baada ya siku kadhaa tukajibiwa kwamba mama ana uwezo, hastahili msaada.

Mama aliniambia maneno machache tu. "Si urudi umwambie ukweli? Ng'ombe za Wekesa zimekuwa zetu lini?"

Sikurudi. Kila wiki nilikuwa na sababu, mara palizi, mara matanga, lakini ilikuwa aibu tu. Hapo ndipo ninapochoka nikikumbuka, kwa maana kosa la kwanza lilikuwa bado linarekebishika. Barua ya chifu na neno la Wekesa mwenyewe pengine vingemfanya yule binti atuangalie upya. Nilipojikokota hatimaye kwenda, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Mama alikuwa amesimama peke yake mbele ya wakili wa baba mdogo, hajui hata karatasi gani aonyeshe.

Tulihamishwa shambani, tukapanga chumba Kipsongo, mtaa wa mabanda pale Kitale. Mama alipofariki hatukuwa na udongo wa kumlaza kando ya baba. Alizikwa makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua. Baba mdogo alichukua shamba, mwanangu, lakini kaburi nilimnyima mimi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msaada ule si wa kila mtu. Watakuuliza unapata nini na unamiliki nini, na kesi yako wataipima kama ina msingi. Taja kilicho chako, na unachotunza useme ni cha nani. Mzazi wako akiulizwa, mwache ajibu mwenyewe, wewe nyamaza. Ukikataliwa, uliza sababu, kisha urudi mapema na ushahidi wako, hata kama miguu inagoma kwa aibu. Aibu ya ofisini huisha kabla hujafika stendi. Hii yangu naenda nayo kaburini.

Mungu akujalie boma lenye mali yako mwenyewe, mwanangu, na siku usipokuwa nayo, akupe ulimi wa kusema sina.