Pole kwa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza wa sheria, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilizisoma hukumu kubwa za nchi ya watu kwenye meza ya chakula ya shangazi yangu, aliyekuwa akiishi mji wa Adelphi. Vitabu vilikuwa vizito kama mawe ya kusagia, naye alivisogeza kwa heshima kila alipotaka kuweka bakuli la mchicha. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja mgonjwa, upande wa Virginia: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Akirudi huniuliza leo nimesoma kesi gani, nami humsimulia kama hadithi. Aliyempenda zaidi ni mfungwa aliyeiandikia mahakama kwa penseli akidai apewe wakili.

"Huyo mdomo anao," alisema.

Mimi niliipenda ile inayowataka polisi wamwambie mtu waliyemkamata kwamba ana haki ya kunyamaza. Shangazi haikumwingia akilini.

"Polisi akuulize, unyamaze? Si ndiyo umeshakiri hivyo?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba huku mambo ni kinyume, anayesema ndiye anayejifunga.

Wiki hiyohiyo pete ya yule bibi ikapotea, na binti yake akaita polisi. Askari alimkalisha shangazi jikoni, akamuuliza ni nani huingia chumbani kwa mgonjwa. Binti alikuwa amesimama karibu na jokofu, analia, maana ilikuwa pete ya ndoa ya mama yake. Shangazi akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya mbele ya mtu anayelia.

"Nikampa pole," alinisimulia.

"Kwa Kiingereza?"

"Sasa nimwambie kwa Kiswahili, ataelewa? Nikamwambia I'm sorry, madam, I'm so sorry. Tena nikamshika mkono."

Kiingereza kina neno moja la kutoa pole na la kuomba radhi, na anayechagua maana ni msikilizaji. Binti alichagua. Askari naye alichagua.

Nilirudi kwenye hukumu yangu, safari hii nikitafuta mlango wa kumtolea shangazi. Haukuwepo. Onyo lile ni la aliyekamatwa, na yeye hakukamatwa; kisheria angeweza kusimama wakati wowote akaenda zake. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama niliyechanganyikiwa.

"Niondoke mbele ya askari bila kuruhusiwa?"

Hakushtakiwa, na pete haikuonekana. Lakini wakala aliyempatia ile kazi alimwondoa, wala hakumpa nyingine, maana nani atampeleka kwa wagonjwa mtu aliyeomba radhi kwa pete iliyopotea? Niliona uchungu na hasira, zaidi nikiutazama ule mlima wa vitabu pale mezani.

Kwenye mtihani hukumu ile ikaja, swali la kwanza kabisa. Walitaka tueleze ni wakati gani mtu huhesabiwa yuko huru kuondoka. Nilijibu kama kitabu kinavyosema, na nilijua nimepatia.

Nilirudi kwa basi. Shangazi, ambaye siku hizo alikuwa akishinda nyumbani, alinifungulia mlango. Nikamwamkia, akaitikia, akanipokea mkoba.

"Pole na mtihani, mwanangu."

Jibu lake kila mtu analijua: asante, nimeshapoa. Nilinyamaza.