Kikombe cha Kifundi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi friji, na tangu daktari alipomwambia kwamba mwanawe ana usonji alikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi. Anakwenda karakana, anarudi, anakula, analala. Ukimsalimia anaitikia. Ukimtukana pia anaitikia, maana nimejaribu.

Binti mwenyewe tunamwita Kifundi, kwa sababu kutwa ameegemeza sikio kwenye friji ya jikoni, anaisikiliza inavyonguruma. Haongei, wala haombi kitu. Na ataombaje, wakati mimi na dada tunamkimbilia na maziwa kabla hajageuza hata shingo?

Hilo ndilo alilolikamata yule mama wa kliniki, mtaalamu wa kuwafundisha watoto mawasiliano. Wazazi wanaopeleka watoto kwake wamembandika jina la Ngoja. Alimpa Shemeji kikombe. "Kaa naye uso kwa uso. Kishike akione, halafu ngoja. Akikuangalia, akikugusa, hata akiguna tu, mpe papo hapo."

"Ndiyo dawa hiyo?" Shemeji akauliza, sauti kavu.

"Dawa ya kuondoa usonji hakuna, baba. Hii ni njia ya kumsaidia aombe. Imejaribiwa kwa watoto wengi, waliofundishwa wakalinganishwa na wasiofundishwa. Mtu akikuletea kitu kingine, muulize kimejaribiwa wapi, kwa nani."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Kumbe mfukoni ana kichupa cha matone, kauziwa na mteja aliyeapa kwamba yanatoa sumu mwilini na mtoto ataongea. Huyo mteja hakuulizwa kitu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha vyombo nikamwona akidondosha yale matone kwenye maziwa ya Kifundi.

"We! Nini hiyo?"

"Dawa. Nafanya yote mawili." Alisema vilevile anavyosema friji imeisha gesi.

Nikamfokea, na mdomo wangu hauna breki. Ni sawa na kufokea ukuta. Nikapaza sauti kumwita dada, aliyekuwa bafuni.

Shemeji akaketi sakafuni, akashika kikombe, akangoja. Kifundi akaiacha friji, akakiangalia kikombe. Lakini baba yake alikuwa anaangalia mkono wa ovaroli yake. Tone moja lilikuwa limemwangukia pale, na kitambaa cha buluu kimegeuka cheupe pe.

Ndipo kiganja kidogo kikaja, kikashika kidole gumba chake, kikavuta. Haki ya Mungu, mtoto yule hakuwahi kumshika mtu hivyo.

Shemeji akainuka, akamwaga maziwa yote kwenye sinki. Harufu ya dawa ya choo ikajaa jikoni. Kifundi akapiga yowe, akajibwaga chini.

"Ameniomba," Shemeji akasema. "Mara ya kwanza ananiomba, nami namnyima." Akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Nilifurahi kumwona analia, Mungu anisamehe.

Dada akatokea na taulo kichwani, akanusa kile kichupa mara moja, akaenda kukitupa. Mimi nikapasha maziwa mengine. Shemeji akaketi tena palepale na kikombe kipya. Kifundi alikuwa amekwisha kunyamaza na kurudi kwenye friji yake, ametugeuzia mgongo.

Tukakaa weee.

"Shemeji, maziwa yamepoa," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ngoja."